Okapi Ana Karatasi, Mtoto Hana

Kule Marekani, kijana wa sekondari akiujua kweli mpira wao, ule wa umbo la yai wanaoucheza zaidi kwa mikono, kuna siku anaketishwa nyuma ya meza. Mama yake kulia, kocha kushoto, wanafunzi wenzake wamejaza ukumbi. Mezani zimepangwa kofia, kila kofia ya chuo kikuu kimoja. Kijana anamshukuru Mungu, anamshukuru nyanya yake, ananyoosha mkono, anavaa moja. Ukumbi unalipuka. Na akiwa kwotabeki, yaani yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua amrushie nani, basi nchi nzima imekesha ikibishana atavaa ipi. Mwaka 2024 kijana wa Belleville, Michigan, anayeitwa Bryce Underwood, aliahidi Januari kwamba atakwenda LSU huko Louisiana. Novemba akageuka, akachagua Chuo Kikuu cha Michigan, karibu na kwao. Magazeti yakaandika juu ya mamilioni ya dola atakayolipwa.

Nilipoiona picha ya namna hiyo kwenye simu ya jirani, nilicheka. Watu wazima wanalilia kofia! Lakini usiku kicheko kilinikauka, maana niliziangalia kofia nikasahau kilicho chini yake. Chini yake kuna karatasi. Kijana yule ana tarehe ya kuzaliwa ambayo hakuna anayeibishia. Ana alama za darasani, na alama zikipungua, kofia haimfai kitu. Kocha anajulikana kwa jina, shule inajulikana, anayemvuta anajulikana pia. Hata akigeuka kama Underwood, anageuka mchana kweupe, mama yake anaona.

Sasa njooni Niania, huku kwetu Kongo.

Yule bwana mnamjua, msijifanye. Anashuka kwenye pikipiki ya motari akitokea upande wa Bafwasende, au ndivyo anavyosema. Kwenye simu ana picha moja, yeye amesimama na mtu aliyevaa jezi ya Leopards, timu yetu ya taifa. Jioni ya kwanza anasimama pembeni mwa uwanja, hasemi kitu. Ya pili anauliza yule mrefu wa mkono wa kushoto ni mtoto wa nani. Ya tatu yuko uani kwenu, ameleta sukari na sabuni. “Papa, mutoto yako iko na miguu ya Ulaya.” Baba anacheka kwa aibu, mama anakwenda kuuza mbuzi, maana pasipoti inataka dola. Wiki inayofuata mtoto hayupo. Uliza jina la pili la yule bwana, hakuna anayelijua. Uliza amempeleka wapi: Kisangani, Kampala, “kule kwa majaribio”. Mwalimu wake darasani bado anaita jina lake kila asubuhi.

Halafu tunasema mtoto amesaini. Amesaini nini? Amebebwa!

Kama mnadhani natia chumvi, msikilizeni Silas. Mashabiki wa Stuttgart, Ujerumani, walimwimba kwa jina la Wamangituka. Juni 2021 klabu yake ikatangaza kwamba kijana huyu anaitwa Silas Katompa Mvumpa, na kwamba ana mwaka mmoja zaidi ya ule ulioandikwa. Mwaka 2017 alitoka Kinshasa kwenda kujaribiwa na Anderlecht, Ubelgiji. Muda wa viza ulipokaribia kwisha, wakala wake alimtisha kwamba akirudi Kongo hataiona tena Ulaya. Akamchukua akamweka nyumbani kwake Paris, akambadilishia jina, akampunguzia mwaka, na akaunti yake ya benki akaishika yeye. Fikirini hilo vizuri: mtu anafunga magoli katika ligi kubwa ya Ujerumani, watu maelfu wanapiga kelele, na jina wanaloliita si lake. Kila Jumamosi. Alipopata ujasiri wa kusema, klabu ilimsimamia, lakini shirikisho la Ujerumani halikuwa na njia: likamfungia mpaka Septemba 11 na kumtoza faini ya euro 30,000. Aliyeibiwa ndiye aliyelipa.

Na kuna hasara nyingine ambayo huku kwetu haizungumzwi hata kidogo. Jina likibadilishwa, waliomlea kijana nao wamefutwa. FIFA ina kanuni: mchezaji akiuzwa nchi ya nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomfundisha tangu miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya kwanza kila msimu ni robo ya asilimia moja, na kuanzia miaka 16 kila msimu ni nusu. Tufanye hesabu pamoja, hesabu ya sokoni. Mtoto amecheza Niania kuanzia miaka 12 mpaka 17, misimu sita: asilimia 1 ya miaka minne ya kwanza, asilimia 1 ya miwili ya mwisho. Siku moja anauzwa kwa dola milioni moja, bei ambayo Ulaya hawaishangai. Asilimia 2 ni dola 20,000. Kwa Niania! Kwa uwanja ambao mipira yake imeshonwa mara nne na goli lake ni miti miwili ya msituni! Na akiuzwa tena, inakatwa tena.

Pesa hiyo haiji kwa sababu moja, nayo haina uhusiano na rangi yetu wala umbali wetu. Inataka lisansi ya mchezaji. Inataka klabu iwe imeandikishwa kwenye Entente, chama cha mpira cha hapa, Entente ipeleke majina juu mpaka FECOFA, shirikisho la nchi, na jina liwe lilelile toka chini hadi juu. Tangu Novemba 2022 kuna ofisi ya FIFA huko Paris ambayo kazi yake ni kugawa fedha za namna hii. Wanafungua historia ya mchezaji, msimu kwa msimu, wanatafuta nani alimfundisha. Wakifika kwenye ile misimu sita, wanakuta pengo. Niania ni pengo.

Nasikia mnanijibu: ndugu mwandishi, tuna vita. Watu wanakimbia, vijiji vinachomwa barabarani kuelekea Mambasa, wewe unatuletea habari za lisansi? Nawaheshimu kwa jibu hilo, na kwa waliozika watu wao nanyamaza. Lakini hebu niingie nanyi kwenye karé, mgodini. Mchimbaji akitoka na vumbi la dhahabu lisilojaza ukucha, nini kinatokea? Mizani inatolewa. Daftari linafunguliwa. Deni la chakula, deni la koleo, fungu la mwenye shimo, fungu la mnunuzi, vyote vinaandikwa, na asiyejua kusoma anasimama nyuma ya bega la anayejua mpaka aridhike. Vita haikulifunga daftari hilo. Kwa hiyo msiniambie Niania hatuwezi kuandika. Tunaandika sana. Tunaandika kile tunachoona kina thamani.

Na hapo jirani yuko okapi. Hifadhi yake imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1996. Huko Antwerp, Ubelgiji, bustani ya wanyama inatunza kitabu cha nasaba cha okapi wanaofugwa duniani: baba yake nani, mama yake nani, kazaliwa lini, kahamia wapi. Simchukii okapi, ni mnyama mpole na msitu ni wake kabla ya kuwa wetu. Lakini okapi wa Antwerp ana karatasi nyingi kuliko winga wetu wa kulia.

Sheria ya nchi inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, bila malipo. Siku hizo zikipita, mlango ni mahakama, na mahakama maana yake safari, na safari maana yake pesa na hofu ya njiani. Serikali iliyoweka mlango huo mbali hivyo nayo ina aibu yake, na sitaifunika. Afisa anayedai “kitu kidogo” kwa cheti ambacho sheria imesema ni bure anamuuzia yule bwana wa motari mtoto wetu, kwa bei nafuu.

Ila aibu kubwa iko nyumbani. Ni sisi tunaokata miaka. Kijana ana 17, tunamwandika 14 ili atambe kwenye mashindano ya watoto, kocha anajua, baba anajua, mimi mwenyewe nimewahi kusimama pembeni mwa uwanja nikashangilia “mtoto” mwenye ndevu. Tunamfundisha mapema kwamba jina na umri ni nguo, unavaa ya mechi ya leo. Yule wakala wa Paris hakumfundisha mtu jambo geni. Alimalizia somo ambalo sisi tumelianza.

Kwa hiyo akija bwana na sukari yake, mwulizeni mambo mawili tu. Lisansi ya uwakala iko wapi? FIFA imerudisha mtihani wa mawakala tangu 2023, na aliyefaulu ana jina kwenye orodha. Pili, unampeleka nchi ya nje akiwa na umri gani? Maana FIFA inakataza kumhamisha mchezaji nje ya nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Moja ya sababu hizo ni kwa wanaoishi kilomita 50 au chini ya hapo kutoka mpakani. Pimeni barabara kutoka hapa mpaka Uganda, kisha mrudishieni sabuni yake.

Mtasema njia hiyo ndefu ya karatasi haifiki popote. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, akaingia Marekani mwaka 2016, akasoma na kucheza basketi katika shule za huko, na alipofika wakati wa kuchagua chuo alivikataa vyote akachagua timu iliyomlipa mshahara. Mwaka 2022 alikuwa bingwa wa NBA na Golden State Warriors. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alivaa jezi ya Chuo Kikuu cha Kentucky na mwaka 2022 akawa mchezaji bora wa basketi wa vyuo vyote vya Marekani. Wenzake waliruhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo. Yeye alibanwa na viza ya mwanafunzi, ikabidi asubiri timu iende Bahamas, nje ya Marekani, ndipo apokee pesa. Karatasi ilimtesa hata yeye. Lakini alijua ni ipi, na inasema nini, na mipaka yake iko wapi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda uwanjani na daftari la shule, la kurasa 96. Kabla ya mechi niliwaita vijana mmoja mmoja: jina lote, jina la mama, shule, siku ya kuzaliwa. Waliona ni mchezo, wakapanga foleni wakicheka. Nikaandika kumi na moja. Wanne hawakujua siku, wawili hawakujua hata mwaka. Yule mrefu wa mkono wa kushoto alifikiri sana, akaniambia mama yake husema alizaliwa wakati malori yalipoanza tena kupita kwenda Kisangani. Nikashika kalamu, nikamwangalia, refa akapuliza filimbi, naye akakimbilia uwanjani kabla sijaandika.