Mwiko wa Duarani na Haki ya Mwanamke

Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huku Kanda ya Ziwa, mwanamke haruhusiwi kushuka duarani. Husemwa kwamba ana mkosi, na kwamba akiwa katika siku zake dhahabu hutoweka. Neno hilo hurudiwa kama mzaha, hata na waamini wenzetu watokao kanisani Jumapili. Sisi twasema wazi: hilo si mzaha, wala si mila ya kuheshimiwa. Ni dhuluma.

Tuitazame kazi yenyewe. Mawe yakishatolewa shimoni, mifuko hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Mwanamke asiyeshuka hana fungu. Yeye huponda mawe kwa ujira, huosha udongo mwaloni, huchota maji na kupika. Pengine hushika zebaki kwa mikono mitupu, sumu iwezayo kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Asiye na fungu ataweka akiba gani? Na asiye na akiba atafunguaje duara lake mwenyewe? Miaka hupita, kijana aliyeanza kazi pamoja naye amekwisha kuwa mwenye duara, naye angali anaponda mawe. Basi mwiko huu haulindi dhahabu, bali walinda mgawo wa wanaume. Maana dhahabu ile ile hupita mikononi mwake mwaloni wala haitoweki.

Wako wasemao kwamba anazuiwa kwa ajili ya usalama wake. Hoja hiyo ina historia: mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 45 uliokataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Lakini shimo lisilo na nguzo imara humfukia mwanamume pia. Ndiyo maana Mkataba Na. 176 wa mwaka 1995 wadai usalama kwa wachimbaji wote, na ule wa 1935 ulifutwa mwaka 2024. Dawa ya hatari ni kuliimarisha shimo, si kumfukuza mwanamke.

Kwetu sisi Wakristo jambo hili limekwisha kuamuliwa. Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili aligusa vazi la Bwana. Bwana hakujiona amenajisika, bali alimwita binti (Mk 5:25-34). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (1965), ulifundisha kwamba ubaguzi wa jinsia ni kinyume cha mpango wa Mungu. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Barua kwa Wanawake ya mwaka 1995, alidai malipo sawa kwa kazi sawa na haki katika kupanda cheo.

Hatuna budi kuanzia nyumbani mwetu. Makatekista waukanushe mwiko huu waziwazi. Jumuiya Ndogo Ndogo zilizo karibu na machimbo zimsindikize mwanamke aombaye leseni au anayedai ujira wake. Msimamizi adaiye mwili wa mwanamke ndipo ampe kazi aripotiwe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yamhesabu mhalifu. Na wenye maduara walio wanaparokia wetu tunawauliza: sadaka mletayo altareni, ni nani aliyeponda mawe yake, naye alipata fungu gani?