Mali kwa mali: Mfanyabiashara mdogo aingie lini, akae pembeni lini?

MIEZI ya mwisho kabla ya mavuno humbana mkulima na mwenye duka kwa pamoja. Mkulima hana fedha ya mbolea wala ya vibarua. Mwenye duka ana bidhaa zimejaa lakini wanunuzi hawaonekani. Fundi seremala naye amekaa na mbao zake bila kazi. Kila mmoja ana kitu anachokihitaji mwenzake, ila fedha ya kuwakutanisha haipo.

Pengo hilo kwa kawaida huzibwa kwa mali kauli, yaani kuchukua bidhaa leo na kulipa baadaye. Lakini mali kauli huwafunga watu wawili tu, na mmoja akichelewa kulipa, mwingine anaanguka naye. Ndiyo maana katika nchi kadhaa wafanyabiashara wadogo wameunda vyama vya kubadilishana, ambamo deni halimfungi mtu mmoja bali linazunguka kwa wanachama wote.

Utaratibu wake si ule wa zamani wa mwenye mbuzi kumsaka mwenye mahindi anayetaka mbuzi. Kila mwanachama anafunguliwa akaunti. Akiuza anaandikiwa pointi, akinunua zinakatwa. Fundi anaweza kumuuzia mlango mwenye mashine ya kusaga, kisha pointi zile akazitumia kununua chakula cha kuku kwa mwanachama wa tatu. Chama kinatunza hesabu na mara nyingi kinatoza ada.

Mfano uliodumu kuliko mingi uko Uswisi. Mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani, Werner Zimmermann na Paul Enz waliwakusanya wafanyabiashara waliokosa mikopo, wakaanzisha mfumo wa WIR. Ulipata leseni ya benki mwaka 1936, na Benki ya WIR ingalipo hadi leo ikiwa na makao yake Basel. Thamani ya WIR moja huhesabiwa sawa na faranga moja ya Uswisi. Mchumi wa Marekani James Stodder, aliyechunguza takwimu za miaka mingi za mfumo huo, aligundua kwamba matumizi ya WIR huongezeka uchumi unapodorora. Fedha zikiadimika, wanachama huendelea kuuziana.

Hapa Afrika Mashariki, mfano unaojulikana zaidi ulianzia Mombasa. Mei 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh walianza kutumia vocha zilizoitwa Bangla-Pesa. Kila aliyejiunga alihitaji kudhaminiwa na wenzake, na vocha zilikubaliwa na wanachama pekee. Muuza mboga alimlipa kinyozi kwa vocha, akabakiza shilingi zake kwa kodi ya nyumba na karo.

Muda mfupi baadaye polisi walimkamata mwanzilishi wa mpango huo, Will Ruddick, pamoja na baadhi ya wanachama, wakishukiwa kutengeneza fedha bandia. Mashtaka yalifutwa mwaka huohuo, na mpango ukaendelea, ukakua na baadaye ukaingia kwenye simu za mkononi kwa jina la Sarafu. Funzo lake ni kwamba vocha isifanane na noti, isiitwe fedha, na mamlaka zifahamishwe kabla ya kuanza.

Argentina inatoa funzo jingine. Chama cha kwanza kilianza mwaka 1995 katika mji wa Bernal kikiwa na watu wachache. Uchumi wa nchi ulipoporomoka mwishoni mwa mwaka 2001 na benki kuzuia watu kutoa akiba zao, mamilioni walikimbilia masoko hayo. Vocha zilichapishwa ovyo, za kughushi zikaingia, na bidhaa muhimu kama unga na mafuta zikaadimika. Kufikia mwisho wa mwaka 2002 sehemu kubwa ya mtandao ilikuwa imesambaratika. Walioumia zaidi ni waliouza bidhaa halisi wakabaki na makaratasi.

Mahesabu kabla ya kujiunga

Swali la kwanza kwa mfanyabiashara ni: gharama ipi lazima ilipwe kwa fedha taslimu? Tuchukue mfano wa fundi anayeuza mlango kwa Sh150,000, huku mbao na vifaa vikimgharimu Sh60,000 taslimu. Akikubali pointi tupu, atatoa Sh60,000 mfukoni na kubaki na pointi asizoweza kumpa muuza mbao asiye mwanachama. Akidai nusu kwa fedha, anapata Sh75,000. Analipia vifaa, anabakiwa na Sh15,000 mkononi, na pointi za Sh75,000 zinakuwa malipo ya jasho lake.

Kwa hiyo biashara inayofaa zaidi ni ile yenye nafasi iliyolala: kinyozi asiye na mteja asubuhi, mashine ya kusaga inayosimama mchana, nyumba ya wageni yenye vyumba vitupu, au mkulima mwenye mboga zitakazooza kesho. Mwenye duka la jumla anayelipa taslimu kwa kila katoni na kupata faida ndogo aingie kwa kiasi kidogo sana.

Kodi nayo haikwepeki. Katika sheria za kodi za Tanzania na Kenya, malipo ya bidhaa au huduma huhesabiwa kwa thamani ya soko. Kwa hiyo pointi ni mapato, na kodi yake hulipwa kwa shilingi. Asiyetenga fedha kwa ajili hiyo atajikuta na deni.

Mkulima atofautishe pia mfumo huu na butura ya kahawa mkoani Kagera, ambako mazao huuzwa yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, au kangomba ya korosho mikoa ya kusini. Huko mnunuzi mmoja mwenye nguvu ndiye anayepanga bei na kipimo. Katika chama cha kweli bei ni ileile ya sokoni, kipimo ni mizani, na kila mwanachama ni muuzaji na mnunuzi pia.

Kabla ya kutia saini, mwanachama mtarajiwa aombe orodha ya wanachama na aone vitu vitano anavyovihitaji kila mwezi vinapatikana humo. Aulize ukomo wa deni la kila mmoja, nani anakagua hesabu, na nini hutokea mwenye deni akihama. Vikundi vya VICOBA na vyama vya ushirika, ambako watu wanafahamiana na wamezoea kudhaminiana, vina mtaji wa kuanzia ambao hauuzwi dukani: uaminifu. Bila huo, pointi ni namba tu kwenye daftari.