Lango la Stesheni Linapofungwa

Safu ya Barazani, na Salehe Mlunga

Yako malalamiko yasiyokoma kusikika katika miji mikubwa ya dunia yenye reli za chini ya ardhi, nayo yametufikia hata sisi wa Berega kwa njia ya vijana wetu waliokwenda ng'ambo kusoma na kutafuta riziki: kwamba mtu huja mbio na nauli yake mkononi, akakuta lango la stesheni limefungwa, na mbele yake amesimama mtumishi mwenye kizibao cha kung'aa akiwaambia watu wasubiri au waende stesheni nyingine, ilhali chini ya miguu yao treni zasikika zikipita. Kijana wa jamaa zangu aliyeniandikia juu ya jambo hili kutoka London alikuwa na ghadhabu, akiona kuwa amedharauliwa. Nataka kumjibu hapa hadharani, kwa kuwa jambo lake latuhusu pia sisi wakazi wa wilaya ya Kilosa, ambao tumeishi na reli tangu Wajerumani walipoifikisha Kilosa mwaka 1909, na ambao sasa tunaiona treni ya umeme ikipenya katika mahandaki manne yaliyotobolewa kwenye milima yetu, refu kuliko yote likizidi kilomita moja.

Stesheni ya chini ya ardhi haifanani na stesheni ya wazi, ambapo abiria akizidiwa na msongamano hujisogeza pembeni akapata nafasi na hewa. Kule jukwaa ni ukumbi mwembamba, upande mmoja ukuta na upande wa pili reli yenye umeme, na watu huteremshwa humo na ngazi za umeme zisizochoka. Treni huja kila baada ya dakika mbili au tatu, na maadamu kila treni inaondoka na watu wasiopungua wale walioteremka katika muda huo, mambo huenda sawa. Lakini treni moja ikichelewa, kwa mlango kukwama au kwa abiria kuzirai ndani ya behewa, ngazi zaendelea kuleta watu kana kwamba hapana lililotokea, na yule wa mwisho kushuka humsukuma wa kwanza aliye ukingoni pasipo kumwona wala kumkusudia ubaya. Mkuu wa stesheni hawezi kulitanua jukwaa. Awezalo ni kuwazuia watu juu, langoni, ambapo mwenye kusubiri husubiri penye anga. Ndiyo sababu stesheni ya Oxford Circus hufungwa kwa dakika chache saa za jioni watu watokapo kazini, na ndiyo sababu ile ya Camden Town kwa miaka mingi ilikuwa ya kutokea tu, si ya kuingilia, siku za Jumapili mchana, umati wa sokoni ulipokuwa mkubwa kuliko ngazi zake.

Anayeiona hadhari hiyo kuwa imezidi kiasi na akumbuke Bethnal Green, mashariki ya London, usiku wa tarehe 3 Machi 1943. Stesheni hiyo ilikuwa haijaanza kutumika kwa treni, nayo ilifanywa kimbilio la raia wakati wa vita. King'ora kililia, watu wakaja kwa mamia katika giza la mji uliozimwa taa, na lango lilikuwa moja, likiteremkia kwenye ngazi za vidato kumi na tisa zisizo na mkono wa kushikia katikati, zenye taa moja hafifu. Karibu na kidato cha chini mwanamke mmoja alijikwaa akaanguka, aliyemfuata akamwangukia, na wale waliokuwa juu, wasioona kitu, wakazidi kuteremka. Walikufa watu 173, wengi wao wanawake na watoto, na wala bomu halikuanguka mtaani hapo usiku ule. Ndani ya stesheni nafasi ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuushika mlango.

Na sisi tusijidanganye kwamba hayo ni maafa ya wageni. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkutano wa dini walipoukimbilia mlango mmoja ili wakakanyage mafuta ya upako. Na tarehe 21 Machi 2021, katika uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hapana aliyetoka nyumbani kwake siku hizo akiwa na nia ya kumwumiza mwenziwe. Halaiki ina nguvu ambayo hakuna mmoja wa waliomo ndani yake aliyeikusudia, na nguvu hiyo ikishapanda, hairudi kwa maneno. Hurudishwa mapema, ingali ndogo, nayo hurudishwa mlangoni.

Moshi wa moto nao ni hoja ya pili, na labda ndiyo nzito zaidi, kwa sababu aliye chini ya ardhi akipatwa na moto hana dirisha la kurukia. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987 katika stesheni ya King's Cross, njiti ya kiberiti ilipenya kati ya mbao za ngazi za umeme ikaanguka chini yake, penye grisi na vumbi la miaka mingi. Kwa muda wa takriban robo saa moto ulionekana mdogo, mtu angeweza kuudharau. Treni ziliendelea kuja, na baadhi ya abiria walioteremka waliongozwa wapande kwa ngazi nyingine mpaka ukumbi wa tiketi, wakidhaniwa kuwa wanatolewa hatarini. Kisha mwako ukaruka kwa dharuba moja ukaujaza ukumbi ule ule. Walikufa watu 31, akiwamo ofisa wa zimamoto aliyeingia kuwaokoa. Baada ya uchunguzi ngazi za mbao ziliondolewa, na mwaka 1989 zikatungwa kanuni zilizolazimisha, pamoja na mengine, kuwapo kwa idadi maalumu ya watumishi waliofundishwa katika kila stesheni iliyo chini ya ardhi, la sivyo isifunguliwe. Kwa hiyo kijana wangu akikuta lango limefungwa na kuambiwa kuwa watumishi hawatoshi, asidhani ni uvivu wa mtu aliyelala nyumbani. Idadi hiyo ni mikono ya kuwatoa watu nje gizani.

Lakini katika sababu zote, maji ndiyo tunayoyajua sisi wa Kilosa bila kufundishwa. Mwaka 2012, tufani ya Sandy ilipokuwa ikiukaribia mji wa New York, wakuu wa reli walisimamisha treni zote na kufunga stesheni jioni ya tarehe 28 Oktoba, siku moja kabla bahari haijaingia, na bila shaka wako walionung'unika siku ile kwa kuwa tufani ilikuwa bado i mbali. Kesho yake usiku maji yalijaa katika mahandaki na kuiharibu vibaya stesheni ya South Ferry, nayo hayakukuta abiria ndani. Huko Zhengzhou, nchini China, tarehe 20 Julai 2021, mvua isiyo na mfano ilinyesha na treni za chini ya ardhi zikaachwa ziende. Maji yakaingia katika njia ya tano, yakawapanda abiria mpaka vifuani wakiwa ndani ya mabehewa, na watu 14 wakafa. Mtu anayetaka kujua thamani ya lango lililofungwa kwa wakati na aiweke miji hiyo miwili ubavu kwa ubavu.

Kwetu mto ni Mkondoa. Reli ya kati imeufuata mto huo bondeni kutoka Kilosa kupita Kidete hata Gulwe, kwa kuwa milima haikuacha njia nyingine iliyo nyepesi, na kwa hiyo kila masika reli na mto hugombea ukanda mmoja wa ardhi. Mwishoni mwa Desemba 2009 kingo zilibomoka, maji yakaingia Kilosa mjini yakawaacha maelfu bila makazi, na reli ikakatika, safari zikasimama kwa miezi kadhaa. Aliyewahi kuona reli baada ya mafuriko hasahau: maji hayaing'oi kwanza, bali hukomba kokoto na udongo wa tuta polepole kutoka chini yake, mpaka vyuma vikabaki vinaning'inia na mataruma yake kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa aliye mbali, au kwa dereva wa treni anayekuja usiku, reli hiyo bado ni nzima, imenyooka na inang'aa. Mwezi Januari 2014 daraja la Dumila nalo lilipatwa na mafuriko, barabara ya Morogoro na Dodoma ikafungwa, na sisi tulio upande huu tukajua maana ya kukatiwa njia. Kwa hiyo treni ikizuiwa mpaka njia ikaguliwe, tukumbuke kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili, na kulala njiani ni nusu shari.

Hata hivyo, kijana wangu asidhani kuwa nimempa mwenye lango haki yote. Liko deni ambalo kila anayefunga huwa analo kwa yule anayefungiwa, nalo ni kumweleza sababu, kwa lugha anayoifahamu, na kabla hajaingia gharama. Katika London mtumishi hutangaza kwa kipaza sauti, hubandika ilani langoni, na abiria ana stesheni nyingine ya kuendea kwa miguu. Mtu wa Berega au Mamboya anayekwenda kupanda treni Kilosa hupita Dumila, akashika barabara ya Rudewa, kwa nauli aliyoipata kwa kuuza mahindi. Akifika akaambiwa tu kwamba hapana safari, bila kuelezwa kama ni maji, au umeme, au behewa, wala lini safari itarejea, hana stesheni nyingine ya kuendea, na hasira yake ina insafu. Tena, asiyeambiwa sababu hudhani hakuna sababu, na anayedhani hivyo ndiye anayeruka ukuta, akawavuta na wengine nyuma yake. Ukimya wa mwenye lango huzaa msukumano ule ule ambao lango liliwekwa kuuzuia.

Naomba basi wenye dhamana ya reli, ya zamani na hii ya umeme, masika ya kila mwaka yakaribiapo, wawe na desturi ya kutangaza mapema katika redio na kwa ujumbe wa simu kwa kila aliyekata tiketi: bonde la Mkondoa limekaguliwa au halijakaguliwa, safari ya leo ipo au haipo, sababu ni hii, na fedha ya tiketi itarudishwa kwa njia hii. Serikali za vijiji nazo ziandikiwe, kwa kuwa hapa kwetu tangazo la mtendaji wa kijiji hufika nyumba ambazo simu haifiki. Nalo liwe limefika Magubike na Berega kabla ya mabasi ya alfajiri kuondoka.