Kompyuta Mpya Ikizima Ghafla, Usikimbilie Kupiga Windows

Kuna ushauri mmoja ambao kila mwenye kompyuta ya kuunganisha mwenyewe ameshaupata: "Piga Windows upya." Mashine imeganda, piga Windows. Imezima ukiwa katikati ya kazi, piga Windows. Skrini imegeuka bluu, piga Windows. Ikirudia, nunua ramu nyingine. Msimamo wangu ni kwamba tabia hii inatupotezea wanafunzi hela na kazi kuliko virusi tunavyoviogopa. Kompyuta inayozima ghafla huacha ushahidi, na sisi kitu cha kwanza tunachofanya ni kuufuta.

Nawaandikia hasa wenzangu tunaotoka Tukuyu na vijiji vya Rungwe. Kwetu vifaa vinatoka mbali. Ubao mama umenunuliwa Kariakoo, ramu moja mpya na nyingine mtumba, keisi ya rafiki aliyehitimu. Vyote vinapakiwa kwenye basi, vinarushwa na matuta kilomita zaidi ya 800 hadi Mbeya, vinakata kona Uyole na kupanda hadi Tukuyu. Hakuna mtu aliyewahi kuvijaribu vikiwa pamoja kabla yako. Kwa mashine hiyo kiwanda ni wewe, na mkaguzi wa kiwanda ni wewe pia.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tukiona kifaa kimetoka kwenye boksi tunakiondoa moja kwa moja kwenye orodha ya watuhumiwa. Wahandisi wanajua tofauti: vifaa vya umeme huharibika zaidi nyakati mbili, siku za mwanzo na siku za uzeeni. Katikati ndiko kwenye utulivu. Kwa hiyo upya wa kifaa ni sababu ya kutunza risiti, si sababu ya kukiamini.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 2024. Watu wengi duniani wenye prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 walikuwa wanalalamika kwamba michezo inafungika ghafla. Ujumbe uliotokea mara nyingi ulidai kumbukumbu ya kadi ya grafiki imeisha, kwa hiyo lawama zikaenda kwenye kadi. Kumbe tatizo lilikuwa prosesa yenyewe: ilikuwa inaomba volti kubwa kuliko inayostahili na kujichakaza. Intel ilikiri, ikaanza kutoa marekebisho kupitia BIOS Agosti 2024, na ikaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Prosesa zilizokuwa zimeshaharibika hazikuponywa na marekebisho hayo, achilia mbali kupiga Windows.

Mwaka huohuo, tarehe 19 Julai, likatokea la upande wa pili. Faili moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilizigeuza bluu skrini za kompyuta milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Vifaa vyote vilikuwa vizima. Maana yake, skrini ya bluu peke yake haimhukumu mtu. Inakwambia kuna msiba. Haikwambii aliyeua ni nani.

Sasa turudi nyumbani. Likizo iliyopita nilikuwa Makandana kwa baba mdogo, ambaye ana stesheni ya kuchapa na kutoa kopi. Alikuwa ameunganishiwa mashine mpya ya kuhariri video za harusi, na ilikuwa inaanguka mara mbili tatu kwa siku, hata akiwa anachapa barua tu. Kila aliyepita pale dukani alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni virusi. Mwingine alisema umeme wa huku ni mdogo. Wa tatu akasema ni baridi ya Tukuyu, kana kwamba kompyuta nayo inahitaji sweta. Fundi alishauri ubao mama ubadilishwe, na baba mdogo alikuwa ameshaanza kutafuta hela.

Tulianza na visivyo na gharama. Joto lilikuwa la kawaida. Baridi yetu kwa kweli ni rafiki wa prosesa. Tukaiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nayo ikaganda vilevile, kwa hiyo Windows ikaachiwa huru. Usiku tukaendesha MemTest86, programu ya bure inayoipima ramu. Ilionyesha makosa. Hapo wengi wangekimbilia dukani kununua ramu. Tulipoipima kila ramu peke yake, kila moja ilipita bila kosa hata moja. Tukazirudisha zote mbili na kuzima XMP, yaani ule mpangilio unaoilazimisha ramu ikimbie kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Umeme ukakatika usiku wa manane mvua ikinyesha, tukaanza upya kesho yake, na safari hii zikapita mizunguko yote minne. Ramu zilikuwa nzima. Zilikuwa mbili za kampuni tofauti, zisizoweza kukimbia pamoja kwa kasi ile. Dawa ilikuwa kupunguza kasi. Gharama: usiku wa siku chache na shilingi sifuri. Mpaka naondoka wiki tatu baadaye mashine haikuwa imeanguka tena, na baba mdogo akawa ananiaga kwa "ndaga fijo" ya nguvu kuliko kawaida yake.

Somo ninalolichukua si kwamba XMP ni mbaya. Somo ni utaratibu: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, andika ulichoona, kisha nenda kinachofuata. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mashine ikatulia, hujui kilichokuponya. Ikiugua tena mwezi ujao utaanza moja.

Utaratibu wenyewe naupanga kwa gharama: kwanza vya bure, pili vya kuazima, mwisho vya kununua.

Vya bure ni vingi. Kabla ya yote hamisha ripoti ya field na riseachi yako nje ya mashine hiyo. Halafu fungua Event Viewer uone Windows imeandika nini. Ukikuta Kernel-Power namba 41, usishangilie. Inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa, kama cheti cha kifo kisichotaja ugonjwa. Na kwetu ambako umeme hukatika, kila ukikatika bila UPS kitaandikwa cheti hichohicho. Kwa hiyo weka daftari pembeni uandike saa umeme ulipokatika, upate kutenganisha mazimo ya umeme na mazimo ya mashine. Ukikuta WHEA-Logger, hapo kifaa chenyewe kimelalamika. Baada ya hapo rudisha BIOS kwenye mpangilio wa kiwandani. Chomoa umeme, kisha chomoa na uchomeke upya ramu, kadi na nyaya, maana safari ya basi hulegeza. Angalia kama feni ya prosesa imekaa sawa na ile pasti ya kupitisha joto imepakwa. Pima ramu usiku.

Soma pia lebo ya pawa saplai. Hiki ndicho kifaa tunachokibania hela, nacho ndicho kinacholisha vingine vyote. Usisome namba kubwa ya juu. Tafuta mstari wa volti 12 uone ni ampea ngapi. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki hula hapo. Hata kama ubavuni imeandikwa 500, mashine itakaa vizuri ukiandika na itazima ukianza kuchakata video. Ukiona dalili hiyo, ya kuzima kazi inapokuwa nzito tu, mtuhumiwa wa kwanza ni umeme au joto.

Hapa ndipo tunapokwama, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala hii. Hatua ya pili, ya kuazima, inahitaji kifaa kizima cha kulinganishia. Unayeshuku pawa saplai unahitaji nyingine unayojua ni nzima, uichomeke jioni moja uone. Mwenye duka Kariakoo anazo rafu nzima. Mwanafunzi aliye Tukuyu hana, na wa bweni hana. Kwa hiyo tunaruka kutoka kwenye vya bure hadi kwenye kununua, na boom inaishia kwenye kifaa ambacho hakikuwa na kosa. Tunabahatisha kwa sababu hatuna cha kulinganishia. Ujinga si sababu kubwa kama watu wanavyodhani.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi jambo dogo: boksi moja la vipimo. Ndani yake iwemo pawa saplai moja ya kuaminika, ramu za DDR3 na DDR4, kadi ndogo ya grafiki, malitimita ya kupimia volti, na flashi zenye Linux na MemTest86. Unaacha kitambulisho, unaazima kwa siku mbili, unarudisha. Pamoja nalo liwepo daftari la kuandika dalili, vipimo na jibu. Baada ya mihula michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko boksi lenyewe. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70 tu, kwa hiyo hata wa nyumbani watanufaika wikiendi.

Najua yupo atakayesema mafundi wapo, kwa nini tuhangaike. Sisemi mafundi ni wezi. Wengi wamezoeshwa na sisi wateja, maana tunalipa kifaa na tunakataa kulipa kufikiri. Fundi akikaa saa tatu akagundua ni mpangilio tu wa BIOS, tunamwambia "si umebonyeza tu?" Basi kesho atatuuzia ubao mama. Tukubali kulipia uchunguzi, na tuwe na haki ya kumuuliza swali moja: "Umejuaje?" Fundi mzuri atafurahi kulijibu.

Yupo pia atakayesema UE ni wiki ijayo na hana muda wa kupima usiku kucha. Upimaji wa ramu unafanyika umelala. Kupiga Windows ndiko kunakokuweka macho, ukisubiri kusakinisha programu moja moja, halafu mashine inazima tena saa kumi alfajiri.

Kupiga Windows kuna wakati wake: mashine ikitulia siku nzima kwenye Linux ya flashi na kuanguka kwenye Windows tu, piga bila huruma. Ila iwe hukumu baada ya ushahidi. Boksi na daftari havihitaji bajeti ya kuogopesha, na muhula mpya ungekuwa wakati mzuri wa kuanza.