Tujaze Nini Kwenye Kimto cha Sindano?

Sindano iliyoanguka sakafuni humngoja mtoto atambaaye. Kimto cha kuchomekea sindano basi si pambo. Je, tukijaze nini?

Kitale, penye mahindi tele, pumba hupatikana kwa urahisi, lakini huvuta fukusi na panya. Pamba nayo hushika unyevu. Msimu wa mvua huko Bungoma sindano hupata kutu na kutia doa shati jeupe la shule.

Unga wa mbao wa seremala unafaa, mradi uanikwe ukauke, uchekechwe kuondoa vibanzi, kisha ushindiliwe. Ukipata sufu ya kondoo, hiyo ni bora zaidi: usiifue mno, kwani mafuta yake huzuia kutu.