Makumbusho Yawafuate Wananchi

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kurudisha heshima ya ngoma na sanaa za Kiafrika zilizodharauliwa na wakoloni. Makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa Butiama mwaka 1999, hayana budi kuiendeleza kazi hiyo. Kuhifadhi vitu vya Mwalimu ni jambo jema, lakini mtoto wa Nyakato, mjini Musoma, asiye na nauli hawezi kuvifikia. Yafaa maonyesho yapelekwe shuleni na sokoni, na wapiga litungu, wafinyanzi na wachongaji wawafundishe vijana hapo hapo. Fundi akifa bila mwanafunzi, hakuna kabati la vioo litakalorudisha ujuzi wake.