Siku ya Tatu Baada ya Mshtuko wa Moyo

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akiamka siku ya tatu na kuomba uji, jamaa hufurahi, na wengine huanza kumdai daktari ruhusa ya kurudi nyumbani. Wasiharakishe. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, sehemu ya misuli hufa, na kabla kovu gumu halijajengeka nyama hiyo hulainika. Katika juma hilo la kwanza ndipo iwezapo kupasuka.

Ukipasuka ukuta wa nje, damu huujaza mfuko wa moyo na kuubana. Mara nyingi mtu hufa kwa dakika chache. Ukitoboka ukuta utenganishao vyumba viwili vya chini, au ukikatika msuli ushikao vali, damu hupotea njia, mapafu hujaa maji, na mgonjwa hutweta ghafula. Huyu aweza kuokolewa kwa upasuaji, Dkt. Denton Cooley wa Houston, Marekani, aliziba tundu la namna hiyo mwaka 1956.

Mshipa ukizibuliwa mapema, balaa hili huwapata wachache mno. Mapema ni saa, si siku. Nasi wengi wetu huanza kwanza na dawa ya kiungulia! Aliyelazwa akianza kutweta, muuguzi aitwe papo hapo, hata usiku wa manane.